SOMO LA TISA: SEVA ISIYOAMKA BAADA YA KUBADILIWA NJIA YA DISKI

Maneno ya somo la redio la elimu ya watu wazima, yamechapwa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza vya Kilosa na Mikumi

Weka kalamu na daftari karibu, maana leo mna orodha ya kuandika.

Leo twatazama jambo moja linalowatia mafundi hofu kubwa. Seva ilikuwa ikifanya kazi vizuri jana. Usiku fundi akabadili kadi, au waya, au swichi inayoiunganisha na diski zake. Asubuhi seva inawashwa, nayo haiamki. Skrini yatoa maneno mawili matatu ya Kiingereza, kisha kimya. Nje ya mlango watu wamepanga foleni: huyu anataka cheti cha mgonjwa wake, yule anataka malipo ya mpunga wake. Mkubwa wa ofisi amesimama nyuma ya fundi, anauliza, "Fundi, itawaka saa ngapi?"

Hapo ndipo kosa kubwa hutendeka. Fundi mwenye haraka huchukua diski ya kusimika mfumo, akafomati, akaanza upya. Mashine huwaka, kweli. Lakini daftari la wagonjwa la miaka mitano limefutika, na kumbe halikuwa na ubaya wowote. Basi shika neno hili kabla ya mengine yote: seva ikikataa kuamka baada ya kubadiliwa njia ya diski, kwanza amini kwamba diski ni nzima na njia ndiyo imekatika.

DISKI IKO WAPI?

Kompyuta ya mezani ina diski yake tumboni. Seva ya ofisi ndogo nayo huwa hivyo hivyo. Lakini katika vyumba vikubwa vya mitambo, kama vile vya benki na vya vituo vya data vilivyoko Dar es Salaam na Dodoma, seva nyingi hazina diski ndani. Diski zote zimekusanywa katika kabati moja, na kabati hilo limegawanywa mafungu. Kila seva ina fungu lake, na mafundi huliita fungu hilo LUN. Baina ya seva na kabati kuna mtandao wake peke yake, usiochanganyika na ule wa barua pepe na intaneti. Huu ndio mtandao wa hifadhi. Mara nyingi hupita katika waya za faiba, kwa utaratibu uitwao Fibre Channel, ambao kanuni zake za kwanza zilipitishwa Marekani mwaka 1994.

Faida yake ni kubwa. Seva ikiungua, twaweka nyingine mahali pake, tukaipa fungu lile lile, na kazi ikaendelea. Hasara yake ni hii: hata ule mfumo wa kuiamsha seva uko mbali, ndani ya kabati. Njia ikikatika, seva ni kama mtu aliyeamka bila kumbukumbu. Hajui jina lake wala kazi yake.

KILOSA INAJUA HABARI YA NJIA KUKATIKA

Watu wa Kilosa hawahitaji mfano wa mbali. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, maji yakaingia majumbani, watu wengi wakakosa makazi. Reli ya kati ikaharibika baina ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama. Abiria wa Dodoma hawakufika. Je, alikuwako mtu aliyesema Dodoma imekufa, basi na tujenge Dodoma nyingine? Hakuwako. Kila mtu alijua kwamba mji upo na watu wake wapo, na kazi iliyobaki ni kutafuta mahali tuta lilipobomoka.

Kufomati diski kwa sababu seva haioni njia ni sawa na kuubomoa mji kwa sababu treni haikufika. Kwa hiyo mkubwa wa ofisi akikuuliza, mjibu kwa adabu na bila kutetemeka: "Mzee, data ipo kwenye kabati. Njia ndiyo imekatika. Nipe nafasi niifuate kituo kwa kituo." Kisha uifuate kweli.

VITUO VITANO VYA SAFARI

Seva inapoamka hupita vituo vitano. Viandike.

Kituo cha kwanza ni kadi na waya wake. Cha pili ni swichi. Cha tatu ni kabati la diski na orodha yake ya ruhusa. Cha nne ni mpangilio wa kuamka, yaani mahali seva ilipoandikiwa diski ya kuanzia. Cha tano ni mfumo wenyewe, pamoja na draiva ya kadi.

Fundi mzuri hatangulii kuuliza, "Nifanye nini?" Yeye huuliza, "Imesimama kituo gani?" Mahali iliposimama ndipo penye jibu. Hebu tuvipitie.

KITUO CHA KWANZA: KADI NA WAYA

Tazama taa za kadi kwanza. Kama taa ya mawasiliano haiwaki inavyopasa, usihangaike na mambo ya mbali. Toa waya wa faiba, safisha ncha yake kwa kifaa chake maalumu, urudishe mpaka usikie mlio wa kushika. Kumbuka kwamba waya huu una nyuzi mbili: moja ya kupeleka, moja ya kupokea. Mahali upande huu unapopeleka, upande wa pili sharti upokee. Zikigeuzwa, pande zote mbili zitapiga kelele na hakuna atakayesikia.

Kisha linganisha vipimo. Huko Kidatu, tawi la reli litokalo Kilosa kupitia Mikumi hukutana na reli ya TAZARA. Reli ya tawi hilo ina upana wa milimita 1000, na ya TAZARA milimita 1067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa haliwezi kuvuka. Mzigo hauna budi kuhamishwa. Faiba nayo ina vipimo vyake. Kijiti cha nuru cha safari fupi hutumia mwanga wa nanomita 850 na waya wake. Cha safari ndefu hutumia kwa kawaida nanomita 1310 na waya mwingine. Ukivichanganya, mawasiliano hayatatengemaa. Na mwendo pia una mpaka wake: kadi mpya ya gigabiti 32 kwa kawaida huweza kushuka hadi 16 na hadi 8, lakini haishuki hadi 4. Basi ukifunga kadi mpya kwenye swichi kuukuu ya gigabiti 4, usishangae zisipoelewana.

KITUO CHA PILI: SWICHI

Sasa twafika kwenye jambo linalowanasa wengi. Kila kadi ya mtandao huu hutoka kiwandani na namba yake isiyofanana na ya kadi nyingine yoyote duniani. Mafundi huiita WWN. Ina tarakimu 16, zilizoandikwa mbili mbili, kwa namba 0 hadi 9 na herufi a hadi f, kwa mfano 21:00:00:24:ff:4a:1b:2c. Kadi yenye matundu mawili ina namba ya kila tundu.

Mtandao wa hifadhi haujui kwamba seva yako ni ya hospitali au ya ushirika. Waijua namba ya kadi tu. Ukitoa kadi ya zamani na kuweka mpya, wewe waona ni seva ile ile, lakini mtandao waona mgeni asiyejulikana, umemfungia mlango.

Fikiri mji wa Mikumi. Gari litokalo Morogoro likifika Mikumi laweza kwenda moja kwa moja hadi Iringa, laweza kukata kushoto kwenda Kidatu na Ifakara, au kulia kwenda Kilosa. Mikumi ndiyo njia panda, na swichi ni Mikumi ya mtandao. Lakini swichi ina askari. Askari huyo ana karatasi isemayo, "Kadi yenye namba hii iruhusiwe kufika kabati lile." Karatasi hiyo huitwa zoni. Namba mpya haimo katika karatasi, basi askari ananyoosha mkono: simama.

Dawa ni kuingia katika swichi, kutazama kama namba mpya imeonekana mlangoni, kisha kuiandika katika zoni mahali pa ile ya zamani, na kuuwasha mpangilio mpya ili uanze kutumika. Wengi huandika wakasahau kuuwasha, kisha wakalala njaa bure.

Swichi nyingine zimepangwa kwa tundu, si kwa namba ya kadi. Huko ukibadili kadi hakuna neno. Lakini ukihamisha waya kutoka tundu la 4 hadi la 5, umeikata njia kwa mkono wako. Basi kabla ya kuchomoa waya wowote, bandika karatasi yenye namba ya tundu lake.

KITUO CHA TATU: KABATI NA ORODHA YAKE

Ukipita Mikumi hujafika Kilosa. Kabati la diski nalo lina orodha yake: "Seva yenye namba hii ipewe fungu hili." Namba mpya isipoandikwa humo, kadi italiona kabati lakini haitaona fungu hata moja. Dalili hiyo ni ya maana sana, iandike: kadi isipoliona kabati, fikiri zoni; kadi ikiliona kabati bila fungu, fikiri orodha ya kabati.

Hapa tafadhali nenda polepole. Ukikosea, ukaipa seva yako fungu la seva nyingine, seva mbili zaweza kuandika katika fungu moja bila kujuana. Ni kama makarani wawili waandikao katika ukurasa mmoja wa daftari gizani. Kwa muda mfupi tu daftari lote huharibika, na uharibifu huo ni wa kweli, haurekebishiki kwa waya. Basi soma namba mara mbili, mwenzako naye asome mara moja, ndipo ubonyeze. Linganisha pia ukubwa wa fungu: kama fungu lako lilikuwa la gigabaiti 200 na hili ni la 500, umefika nyumba ya mtu.

Angalia na namba ya fungu yenyewe. Fungu la kuamkia mara nyingi hupewa namba 0. Likirudishwa kwa namba nyingine, data itaonekana, lakini seva itakwenda kugonga mlango wa namba 0 na kukuta hakuna mtu.

KITUO CHA NNE: MPANGILIO WA KUAMKA

Sasa kadi yaona fungu, lakini skrini yasema "No bootable device", yaani hakuna diski ya kuamkia. Usiogope. Kuna mambo matatu ya kutazama.

La kwanza, kadi mpya huweza kutoka kiwandani ikiwa kazi yake ya kuamsha seva imezimwa. Yaweza kubeba data, lakini haiwezi kuamsha. Ingia katika mipangilio yake, uiwashe, kisha uchague kabati na fungu la kuamkia.

La pili, seva za siku hizi hutumia utaratibu uitwao UEFI. Seva hujiandikia katika kumbukumbu yake ndogo njia kamili ya diski: kadi ipi, namba ya kabati, fungu la ngapi, faili gani. Kadi ikibadilika, au mlango wa kabati ukibadilika, maandishi hayo hubaki yakielekeza mahali pasipokuwapo tena, kama bango la barabara iliyohamishwa. Andika njia mpya katika orodha hiyo.

La tatu, tazama kama seva imebadili utaratibu wenyewe, kutoka UEFI kwenda ule wa zamani wa BIOS, au kinyume chake. Mfumo uliosimikwa kwa utaratibu mmoja kwa kawaida hauamki kwa mwingine.

KITUO CHA TANO: MFUMO NA DRAIVA YAKE

Tarehe 1 Agosti 2024 ilizinduliwa rasmi reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma, nayo yapita Kilosa. Upana wake ni milimita 1435. Hakuna aliyefikiri kuchukua kichwa cha treni cha reli ya milimita 1000 na kukiweka juu yake. Reli mpya ilihitaji vichwa vyake vya treni, na madereva waliofunzwa kuviendesha.

Kadi mpya nayo inahitaji draiva yake. Na hapa kuna fumbo: draiva imehifadhiwa katika diski, lakini diski haifikiki bila draiva. Linux hulitatua fumbo hilo kwa kutengeneza faili dogo la kuanzia, liitwalo initramfs. Faili hilo husomwa kwa msaada wa kadi yenyewe kabla mfumo haujashika kazi, na ndani yake mna draiva zinazohitajiwa. Shida ni kwamba mifumo mingi huweka humo draiva za kadi iliyokuwapo siku ile tu. Kadi ikitoka kampuni moja kwenda nyingine, tuseme kutoka QLogic yenye draiva qla2xxx kwenda Emulex yenye draiva lpfc, faili la kuanzia halina dereva wa gari jipya.

Dalili ni hii: orodha ya kuchagua mfumo yaonekana, maandishi yaanza kupita, kisha mashine yasimama na kukupa mstari wa dharura, ikilalamika kwamba diski kuu haikuonekana. Upande wa Windows utaona skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hii ni habari njema kwa namna yake, maana vituo vinne vya kwanza vimekwisha kupitwa.

Katika jamii ya Red Hat, jaribu kwanza kuchagua mstari wenye neno "rescue" katika orodha ya kuamkia. Faili lake la kuanzia hubeba draiva nyingi. Seva ikiamka, tengeneza upya faili la kawaida kwa amri dracut -f --regenerate-all. Katika Debian na Ubuntu, amka kwa diski ya uokozi, ingia ndani ya mfumo wako, kisha toa amri update-initramfs -u. Katika Windows, amka kwa diski ya uokozi, uingize draiva kwa amri dism. Diski hizo zina pia kitufe cha kusimika mfumo upya. Usikiguse.

Kama draiva ipo na bado mashine inasimama, tazama majina. Diski iliyokuwa ikiitwa /dev/sda chini ya kadi ya zamani yaweza kuitwa /dev/sdc chini ya kadi mpya. Katika faili la /etc/fstab, taja diski kwa namba yake ya UUID, ambayo haibadiliki kwa sababu ya kadi.

NJIA MOJA KWANZA

Mtandao wa hifadhi ulio mzuri una njia mbili au zaidi, ili moja ikikatika nyingine ishike kazi. Lakini wakati wa kutafuta ubaya, njia nyingi ni ukungu: hujui ipi imekupeleka. Zima zote, uache moja. Ifanye ipite vituo vyote vitano. Seva ikiamka kwa njia hiyo, ongeza ya pili, uijaribu nayo peke yake. Na kila mara badili kitu kimoja tu, ujaribu, uandike matokeo. Fundi abadiliye vitu vitatu kwa mara moja, hata akifaulu hajui kilichomponya mgonjwa.

KABLA YA KUGUSA TENA

Ndugu msomaji, saa ya kuliponya tatizo hili ni ile iliyo kabla ya kuchomoa kadi ya zamani. Wakati seva bado yaamka, fanya mambo haya: chukua nakala ya akiba na uijaribu kama kweli yafunguka. Andika namba za kadi ya zamani na ya mpya. Piga picha ya waya na matundu. Tia draiva ya kadi mpya katika faili la kuanzia. Iandike namba mpya katika swichi na katika kabati mapema, pamoja na ile ya zamani. Na kadi ya zamani usiitupe wala kuiazima mtu mpaka wiki mbili zipite, kwa maana hiyo ndiyo tiketi yako ya kurudi: ukikwama, irudishe, na kwa kuwa swichi na kabati bado vinaijua namba yake, watu watahudumiwa huku ukitafakari.

Kijana asomaye ufundi katika chuo cha VETA Mikumi, au karani wa Kilosa aliyekabidhiwa funguo za chumba cha mitambo, si lazima ayakariri maneno yote ya leo. Akikumbuka vituo vitano kwa mpango, na kwamba hafomati kamwe kabla ya kuvipita vyote, amelinda daftari la watu wengi wasiomjua.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kadi mpya yaliona kabati lakini haioni fungu hata moja. Imesimama kituo gani, nawe utatazama nini?

2. Kwa nini mtandao wa hifadhi huiona seva ile ile kuwa mgeni baada ya kubadiliwa kadi?

3. Seva yafika mahali pa kuonyesha orodha ya mifumo, kisha yasimama ikisema diski kuu haionekani. Kwa nini hii ni dalili njema kuliko skrini isiyoona diski kabisa?

4. Katika ofisi yenu, nakala ya akiba ilijaribiwa mara ya mwisho lini, na ni nani aliyeifungua akaiona kwa macho yake?

Swali hili la nne lijibiwe kwa tarehe na kwa jina. Mwenyekiti wa kikundi aliandike jibu hilo daftarini, na kama hakuna la kuandika, basi kazi ya wiki hii imekwisha kupatikana.

Katika somo la kumi tutazungumza juu ya umeme wa akiba na namna ya kuzima seva bila kuidhuru. Mpaka hapo, kwa heri.